Ratili Ipi? Neno Moja, Vipimo Vingi

Katika masomo ya nyuma umejifunza kusoma mizani na kuandika hesabu ya mauzo. Katika somo hili tutachunguza neno moja tu. Neno hilo ni ratili.

Wazee wengi wanalijua neno hili. Walinunua sukari kwa ratili na nyama kwa ratili. Vijana hawalijui sana, maana siku hizi tunapima kwa kilo na gramu. Ratili iliachwa pale nchi za Afrika Mashariki zilipoingia katika vipimo vya mita, lita na kilo, katika miaka ya 1960 na 1970.

Huenda ukauliza, "Kuna faida gani kujifunza kipimo kilichokwisha kuachwa?" Faida ipo. Ratili ni neno lililosafiri nchi nyingi kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Kila lilipofika lilipewa uzito mwingine. Jina lilibaki, kipimo kikabadilika. Mtu aliyejua jambo hilo alifanya biashara yake salama. Mtu asiyelijua alipunjwa, huku akiamini kwamba amepimiwa sawasawa. Jambo hili halijaisha. Lipo sokoni kwetu hata leo, ila limevaa majina mengine.

Soma polepole. Ukifika kwenye hesabu, chukua kalamu na ufanye pamoja nasi.

1. Herufi zilizobadilishana nafasi

Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, Wagiriki waliokaa katika kisiwa cha Sicily walikuwa na kipimo kilichoitwa litra. Kilikuwa kipimo kidogo, yapata gramu 109. Neno hilo hilo lilikuwa pia jina la sarafu ya fedha. Kwa hiyo tangu zamani sana neno hili lilibeba mambo mawili: uzito na pesa.

Jirani zao Warumi walikuwa na kipimo chao, libra. Libra na litra ni maneno ndugu. Libra ya Warumi ilikuwa yapata gramu 327. Warumi walipozitawala nchi nyingi, Wagiriki nao wakaanza kuiita libra hiyo kwa jina lao la litra. Hapo tayari neno limebadilika: lilikuwa gramu 109, sasa ni gramu 327.

Kutoka kwa Wagiriki neno likapita kwa watu wa Shamu, kisha likaingia katika Kiarabu. Waarabu walisema ratl. Hebu andika maneno haya mawili ubaoni, kisha ufute irabu zote:

litra: l - t - r
ratl: r - t - l

Unaona nini? Herufi ni zile zile tatu. L na r zimebadilishana nafasi tu. Mabadiliko ya namna hii si ajabu. Hata katika vijiji vyetu wako watu wanaotamka l mahali pa r, na r mahali pa l.

Neno lilipofika pwani ya Afrika Mashariki, Waswahili walilipa irabu, kwa sababu Kiswahili hakipendi konsonanti zilizobanana mwishoni mwa neno. Neno la Kiarabu asl limekuwa asili. Aql limekuwa akili. Vivyo hivyo ratl limekuwa ratili.

Msomaji wa Biblia anaweza kuiona safari hiyo yote katika mstari mmoja. Katika Injili ya Yohana, sura ya 12, Mariamu anachukua marhamu ya thamani na kumpaka Yesu miguu. Kigiriki cha mwanzo kinasema marhamu hayo yalikuwa litra moja. Tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka inasema ratli, yaani ratili. Neno lililotoka kwa Mgiriki limerudi mahali pale pale, baada ya kuzunguka kwa Mwarabu na Mswahili. Lakini jihadhari. Ratili ya Mariamu ni ile ya Kirumi, yapata gramu 327. Si ratili ambayo babu yako alinunulia sukari.

2. Kila mji na ratili yake

Sasa tuangalie uzito wa ratili katika miji na nchi mbalimbali. Vipimo hivi havikuwa vya wakati mmoja, lakini vyote vilitokana na neno hilo.

Baghdad, zama za makhalifa: yapata gramu 400.
Cairo, Misri: yapata gramu 449.
Ureno: yapata gramu 459. Wareno waliita arrátel. Walilipata neno hili kwa Waislamu waliotawala nchi yao kabla.
Malta: karibu gramu 800.
Naples, Italia: yapata gramu 890. Hapo waliita rotolo.
Dameski, katika karne ya 19: yapata kilo 2 na nusu.

Soma orodha hiyo mara ya pili. Ratili moja ya Dameski ilikuwa nzito kuliko ratili tano za Cairo. Mfanyabiashara aliyepatana bei ya ratili 100 mjini Cairo, kisha akadaiwa ratili 100 mjini Dameski, alikuwa amefilisika kabla ya kufungua mzigo.

Tena haikutosha kuujua mji. Katika mji wa Aleppo, huko Shamu, ratili ya kupimia hariri haikulingana na ratili ya bidhaa za kawaida. Kwa hiyo mtu alipaswa kuuliza maswali mawili: ratili ya wapi, na ratili ya kupimia nini?

Huko Sudan neno limekwenda njia nyingine. Watu wamelitumia kupimia maziwa. Muuzaji hapimi kwa mizani. Anateka kwa chombo chenye ujazo wa ratili. Hapo neno la uzito limekuwa neno la ujazo.

3. Mjadala uliomalizwa na vyombo

Tofauti hizi hazikuwahusu wafanyabiashara peke yao. Ziliingia hata katika mambo ya ibada.

Muislamu hutoa zaka ya fitri mwisho wa mwezi wa Ramadhani. Kiasi chake ni kipimo kimoja cha chakula, ambacho kwa Kiarabu huitwa saa, na ambacho walimu wetu wa pwani hukiita pishi. Swali likawa: pishi hiyo ni ratili ngapi? Imamu Abu Hanifa wa Iraki alisema ni ratili 8. Imamu Malik wa Madina alisema ni ratili 5 na theluthi moja. Tofauti hiyo si ndogo. Mwenye nyumba ya watu kumi anataka kujua kama ametoa sadaka kamili au pungufu.

Inasimuliwa kwamba Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 798, alifika Madina na kujadiliana juu ya jambo hili. Wazee wa Madina hawakumjibu kwa maneno mengi. Walikwenda majumbani mwao wakaleta vyombo, kila mmoja na chombo alichorithi kwa baba yake. Vyombo vikapimwa vikaonekana vinalingana. Ujazo wake ulikuwa ratili 5 na theluthi. Abu Yusuf akaiacha kauli ya mwalimu wake akaifuata ya watu wa Madina.

Baadaye wako wanazuoni waliosema kwamba pengine pande zote mbili zilikuwa na chombo kimoja, ila ratili ndizo zilizotofautiana. Walisema ratili ya Madina ilikuwa sawa na ratili moja na nusu ya Baghdad. Fanya hesabu: 5 na theluthi, mara 1 na nusu. Jibu ni 8. Kama hesabu hiyo ni sahihi, basi watu walibishana juu ya neno, na chakula kilikuwa kile kile.

Kumbuka jambo moja hapa, maana tutalirudia mwisho wa somo. Ubishi wa neno ulimalizwa kwa kuleta chombo na kupima.

4. Ratili ya Unguja

Sasa turudi kwetu. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa. Pembe za ndovu zilitoka bara, karafuu zilitoka mashambani Unguja na Pemba. Wanunuzi walitoka Uarabuni, India, Ulaya na Marekani. Vipimo vya pale vilikuwa hivi:

wakia 16 = ratili 1
ratili 35 = frasila 1

Wakia moja ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha. Reale hizo zilitengenezwa Austria na zilikuwa na picha ya Malkia Maria Theresa. Zilienea sana katika biashara ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Reale moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kidogo. Ukichukua reale 16 na kuziweka kwenye mizani, unapata yapata gramu 449. Hiyo ndiyo ratili ya Unguja. Utaona kwamba inalingana karibu kabisa na ile ya Cairo.

Waingereza walipotawala walileta kipimo chao, ambacho nacho kina wakia 16. Uzito wake ni gramu 453 na nusu hivi. Watu wetu hawakukitafutia jina jipya. Walikiita ratili vile vile. Basi neno moja likawa na vipimo viwili katika nchi moja: ratili ya reale, gramu 449, na ratili ya Kiingereza, gramu 453 na nusu.

Mtu atasema, "Gramu nne na nusu ni nini? Ni punje za mchele." Kwa mtu anayenunua ratili moja ya sukari, ni kweli. Lakini hebu tufanye hesabu ya mwenye mzigo mkubwa.

Tofauti katika ratili 1: gramu 4 na nusu.
Tofauti katika frasila 1: gramu 4 na nusu mara 35. Jibu ni gramu 157 na nusu.
Tofauti katika frasila 100: gramu 157 na nusu mara 100. Jibu ni gramu 15,750, yaani kilo 15 na robo tatu.

Frasila moja ya Unguja ni ratili 35 za gramu 449, yaani kilo 15 na gramu 715. Linganisha na jibu lako. Ina maana kwamba mtu aliyeuza frasila 100 kwa ratili ya Kiingereza, akalipwa kwa bei ya ratili ya reale, ametoa frasila nzima bure. Hakuna aliyemwibia usiku. Hakuna aliyechezea mizani. Neno moja tu lilikuwa na maana mbili, naye hakuuliza.

5. Ndugu wa ratili ambao bado wako nasi

Ratili yenyewe imepotea sokoni, lakini ndugu zake tunakaa nao kila siku.

Ndugu wa kwanza ni herufi lb. Ukiona mizani ya zamani, au mzigo uliotoka nchi za nje, utakuta nambari na mbele yake lb. Herufi hizo zinasomwa ratili, lakini zimetoka katika neno libra la Warumi.

Ndugu wa pili ni alama ya pauni, £. Alama hiyo ni herufi L iliyochorwa kwa mkato katikati. L hiyo ni ya libra. Zamani pauni ya Uingereza ilihesabiwa kuwa ratili moja ya fedha, iliyogawanywa katika peni 240. Wakati wa fedha za Afrika Mashariki, shilingi 20 zilihesabiwa kuwa pauni moja. Lira, fedha ya Uturuki, nayo ni libra ile ile. Italia pia ilikuwa na lira, ikaiacha mwaka 2002 ilipoingia katika fedha ya yuro. Kama vile Wagiriki wa Sicily, watu hawa walitumia neno la uzito kuwa jina la pesa.

Ndugu wa tatu ndiye atakayekushangaza. Ni lita. Wafaransa walilipokea neno litra kwa njia ya Kilatini. Walikuwa na kipimo cha kupimia nafaka kiitwacho litron. Mwaka 1795, baada ya mapinduzi yao, waliweka vipimo vipya ili nchi nzima iwe na kipimo kimoja. Kutoka katika neno litron wakapata litre, nasi tunasema lita.

Kwa hiyo lita na ratili ni neno moja. Moja limepita kwa Wafaransa, jingine limepita kwa Waarabu, yote mawili yamekutana katika Kiswahili. Moja linapima mafuta ya taa, jingine lilipima sukari. Ukiyaona yamekaa pamoja katika duka moja, usingedhani kwamba ni watoto wa mama mmoja.

Hata lita yenyewe iliwahi kubadilika. Kati ya mwaka 1901 na 1964 lita ya dunia ilikuwa kubwa kidogo kuliko ya leo. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Katika pipa la lita 200, ni kama kijiko kimoja cha chai. Lakini wataalamu hawakusema, "Ni kitu kidogo." Walikaa, wakapatana, wakasahihisha.

6. Kwa nini tumechagua kilo

Sasa unaweza kuelewa sababu ya kuacha ratili. Haikuwa kwa sababu neno ni baya. Ni kwa sababu kila mtu alikuwa na ratili yake.

Kilo ni moja duniani kote. Kuanzia mwaka 1889 kilo ya dunia ilikuwa kipande kimoja cha madini kilichohifadhiwa karibu na Paris, na nchi nyingine zililinganisha mawe yao ya mizani na kipande hicho. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha madini. Imewekwa kwa kanuni ya sayansi isiyobadilika mahali popote. Kilo ya Songea ni kilo ya Cairo na ni kilo ya Dameski.

7. Debe lipi? Gunia lipi?

Ndugu mwanakisomo, sasa tutazame soko letu wenyewe. Mara nyingi hatuuzi kwa kilo. Tunauza kwa debe, kwa kopo, kwa sado, kwa fungu na kwa gunia. Maneno haya ni ratili za leo.

Debe ni nini? Ni chombo. Debe hujazwa mpaka ukingoni, au hujazwa na kuwekewa kichwa. Debe jipya halilingani na debe lililobonyezwa pembeni. Tena debe la mahindi na debe la ufuta hayana uzito mmoja. Ni kama ratili ya hariri na ratili ya bidhaa nyingine kule Aleppo.

Gunia ni nini? Mnunuzi anasema, "Nanunua gunia." Lakini analeta gunia lenye kilemba, lililoshonewa juu na kufungwa kwa kamba. Tunaliita lumbesa. Bei ni ya gunia moja, mzigo ni wa zaidi ya gunia moja.

Tufanye hesabu. Tuseme mkulima ana magunia 20. Mmepatana kwamba gunia ni kilo 100. Lakini kila gunia limeongezwa kilo 15 juu. Kilo 15 mara 20 ni kilo 300. Mkulima huyo ametoa magunia matatu bila malipo. Hayo ni karo na madaftari ya watoto, na pengine mbegu za msimu ujao. Naye atakwenda nyumbani akisema, "Nimeuza magunia 20," na kwa maneno atakuwa amesema kweli.

Nchini Tanzania iko Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na tangu mwaka 2002 uko Wakala wa Vipimo, wenye kazi ya kukagua mizani na kuipiga chapa. Lakini sheria haitembei yenyewe mpaka shambani kwako. Inataka mtu anayejua kusoma, kupima na kuuliza. Mtu huyo ni wewe.

Kwa hiyo, kabla ya kupatana bei, uliza maswali matatu:

Kwanza: kipimo hiki ni cha wapi? Debe la kijiji hiki au la mjini?
Pili: ni cha kupimia nini, na kinajazwa namna gani?
Tatu: ni kilo ngapi, kwa mizani ipi, na je, mizani hiyo ina chapa ya ukaguzi?

Usione haya. Kuuliza si ujinga. Mkibishana, msishindane kwa maneno. Fanyeni kama wazee wa Madina: leteni chombo, leteni mizani, pimeni mbele ya wote. Kisha andika kilo katika daftari lako, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari.

Maana ya maneno

Frasila: kipimo cha zamani cha ratili 35, karibu kilo 16.
Irabu: herufi a, e, i, o, u.
Kupunjwa: kupewa pungufu ya haki yako.
Ujazo: kiasi kinachoingia ndani ya chombo.
Wakia: sehemu moja kati ya 16 za ratili.

Maswali na mazoezi

1. Neno litra lilibadilikaje hata likawa ratili? Eleza hatua zote.
2. Kwa nini ratili ya Mariamu katika Biblia si sawa na ratili ya dukani ya zamani?
3. Ratili ya Unguja ilikuwa gramu 449. Frasila 3 ni kilo ngapi na gramu ngapi?
4. Taja ndugu watatu wa neno ratili ambao bado tunawaona.
5. Kazi ya kikundi: Leteni darasani madebe matatu kutoka nyumba tatu tofauti. Jazeni kila moja mahindi mpaka ukingoni. Pimeni kwa mizani na kuandika uzito ubaoni. Je, yanalingana?
6. Majadiliano: Kijiji chetu kifanye nini ili mazao yote yauzwe kwa kilo? Andikeni mapendekezo matatu na kuyapeleka kwenye mkutano wa kijiji.